Historia ya Kutambua Kasoro za Moyo za Kuzaliwa kwa Mchoro wa Umeme

Kasoro za moyo za kuzaliwa hazigunduliki zote utotoni. Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, takriban 8 hadi 10 huwa na hitilafu fulani katika umbo la moyo. Baadhi yao hugeuka rangi ya samawati au hushindwa kunyonya tangu siku za mwanzo, na wazazi huwakimbiza hospitali. Wengine hukua, husoma, hufanya kazi na hata kuzaa bila kujua kwamba mioyo yao haikukamilika tumboni. Kasoro inayojulikana zaidi kwa kujificha hivyo ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Mwenye tundu hilo anaweza kufika miaka 30 au 40 kabla ya kuanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, kusikia moyo ukienda mbio bila sababu, au kupata kiharusi katika umri usiotarajiwa.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ni miongoni mwa njia za zamani zaidi za kuibua kasoro hizo kwa watu wazima. Lakini mchoro wake hauonyeshi tundu. Huonyesha jinsi umeme unavyosafiri katika misuli iliyolazimika kufanya kazi ya ziada kwa miaka mingi, au katika njia za umeme zilizojengeka kombo tangu tumboni. Ili ijulikane kwamba alama fulani inaashiria kasoro fulani, ilibidi njia nyingine ya uchunguzi ifichue kwanza kilichomo ndani ya moyo wenyewe. Kwa hiyo historia ya kipimo hiki ni historia ya watu waliorudi mara kwa mara kwenye mchoro uleule na kuona ndani yake kitu ambacho waliowatangulia walikipita.

Kifaa na watu wake wa kwanza

Mwaka 1887 Augustus Waller, mwanafiziolojia wa hospitali ya St Mary's mjini London, alirekodi umeme wa moyo wa binadamu bila kupasua kifua. Alitumia elektromita ya kapilari, chombo chenye bomba jembamba la kioo lililotiwa zebaki. Umeme wa moyo ulifanya zebaki ipande na kushuka, na mwendo huo ukanaswa kwa picha. Miaka miwili baadaye alieleza pia vipimo vya mtu ambaye viungo vyake vya ndani vilikuwa vimegeuka upande, moyo ukiwa kuliani, na umeme wake ukasomeka kinyume na wa watu wengine. Hivyo hitilafu ya kuzaliwa ilionekana katika umeme wa moyo karibu tangu mwanzo kabisa wa fani. Waller mwenyewe hakutarajia makubwa: hata mwaka 1911 alikuwa bado anaona kwamba kipimo hicho hakingepata matumizi mapana hospitalini.

Aliyekipa nguvu ni Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1860 huko Semarang, kisiwani Java, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Leiden. Zebaki ilikuwa nzito mno kufuata mabadiliko ya haraka ya umeme, kwa hiyo aliunda galvanomita ya uzi. Uzi mwembamba sana wa kwatzi uliopakwa fedha ulining'inizwa katikati ya sumaku kubwa, na kila umeme wa moyo ulipoupitia, uzi ulitikisika na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ilihitaji maji ya kupoza sumaku, na iliendeshwa na watu watano. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite. Kwa kuwa mashine haikuweza kupelekwa kwa wagonjwa, Einthoven aliunganisha hospitali na maabara yake kwa waya wa simu wa umbali wa kilomita moja na nusu. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi ya mchoro ndizo zinazotumika hadi leo. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, mashine ilitumika zaidi kuchunguza mapigo yaliyovurugika, kazi iliyoongozwa na Thomas Lewis mjini London. Kasoro za kuzaliwa hazikupewa nafasi kubwa. Upasuaji wa kuziba tundu ndani ya moyo haukuwepo, na daktari aliyelihisi tundu hakuwa na njia ya kulithibitisha mgonjwa akiwa hai. Maarifa mengi yalitoka mezani pa uchunguzi wa maiti. Kazi kubwa kuliko zote ya aina hiyo ilifanywa na Maude Abbott wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ambaye mwaka 1936 alichapisha atlasi iliyotokana na mioyo 1,000 yenye kasoro. Mwaka 1934 Hugo Roesler alipokusanya taarifa za watu 62 waliokutwa na tundu kati ya vyumba vya juu baada ya kufa, aliona kwamba ni mmoja tu aliyekuwa ametambuliwa kwa usahihi akiwa hai.

Kifua chapata nafasi yake

Mchoro wa Einthoven ulitazama moyo kutoka pande tatu tu, zote zikitokana na mikono na mguu. Upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaoelemewa katika kasoro nyingi za kuzaliwa, haukuwa na elektrodi iliyo karibu nao. Mwaka 1934 Frank Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza namna ya kuunganisha nyaya za mikono na mguu ziwe kituo kimoja cha kulinganishia, ili elektrodi nyingine iweze kuwekwa popote mwilini. Mwaka 1938 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani na Uingereza vilikubaliana juu ya sehemu sita za kifuani, V1 hadi V6. Mwaka 1942 Emanuel Goldberger wa New York aliongeza pande nyingine tatu za mikono na mguu. Ndivyo ulivyopatikana mchoro wa pande 12 unaotumika katika hospitali zote.

Kwa historia hii, V1 ndiyo muhimu kuliko zote. Elektrodi yake hubandikwa kuliani mwa mfupa wa kidari, kati ya ubavu wa nne na wa tano, mahali palipo karibu na chumba cha chini cha kulia. Msukosuko wa chumba hicho, ambao zamani ulipotea katikati ya umeme mwingi wa upande wa kushoto, sasa ulisomeka.

Tundu kati ya vyumba vya juu

Mwaka 1941 Evan Bedford, Cornelio Papp na John Parkinson walichapisha mjini London maelezo marefu ya tundu kati ya vyumba vya juu, wakionyesha kwamba linaweza kutambuliwa kwa mgonjwa aliye hai kwa kuunganisha sauti za moyo, picha ya eksirei na mchoro wa umeme. Uthibitisho wenyewe uliletwa na katheta. Mwaka 1929 Mjerumani Werner Forssmann alikuwa amepitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni. Katika miaka ya 1940 André Cournand na Dickinson Richards wa New York waliugeuza ujasiri huo kuwa kipimo cha kawaida cha hospitali, na mwaka 1956 watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel. Kwa katheta, daktari aliweza kuchota damu kutoka chumba cha juu cha kulia. Ikikutwa na oksijeni nyingi kuliko damu ya mishipa iliyoileta, ni dalili kwamba damu iliyotoka mapafuni imevuja kutoka kushoto.

Sasa mchoro ungeweza kulinganishwa na ukweli wa ndani. Mwaka 1950 J. M. Barber, Otto Magidson na Paul Wood walichapisha Uingereza uchunguzi uliohusisha tundu hilo na mchoro wa umeme, shinikizo la damu katika mshipa wa mapafu na sauti ya pili ya moyo. Karibu wagonjwa wao wote walikuwa na alama moja katika V1: kilele kidogo, bonde, kisha kilele cha pili kilicho kikubwa zaidi, umbo linaloandikwa rSR' na kufanana na herufi M. Ni alama ya umeme kuchelewa kufika sehemu ya mwisho ya chumba cha chini cha kulia.

Sababu yake ilielezwa na Enrique Cabrera na J. R. Monroy wa Taasisi ya Taifa ya Moyo ya Mexico, katika makala zilizotoka mwaka 1952. Walitofautisha mizigo miwili inayoweza kuuelemea moyo. Mmoja ni wa kusukuma damu dhidi ya kizuizi, ambao huufanya msuli kuwa mnene. Mwingine ni wa kupokea damu nyingi kupita kiasi, ambao hukitanua chumba. Tundu kati ya vyumba vya juu ni la aina ya pili. Shinikizo la kushoto huzidi kidogo la kulia, kwa hiyo sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa mapafuni hupenya tundu na kurudi kulia badala ya kwenda mwilini. Chumba cha chini cha kulia kinaweza kupokea damu mara mbili au zaidi ya ile inayopita kushoto. Kinatanuka mwaka baada ya mwaka, na sehemu yake iliyo karibu na mlango wa mshipa wa mapafu huamshwa na umeme mwishoni kabisa. Kilele cha pili katika V1 hutokana na ucheleweshaji huo.

Ugunduzi huu ulikuja kwa wakati wake. Tarehe 2 Septemba 1952, John Lewis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliziba tundu la aina hii katika moyo wa mtoto wa miaka mitano, baada ya kuupoza mwili wake ili ubongo ustahimili damu kusimama kwa dakika chache. Tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alifanya upasuaji wa namna hiyo kwa msichana wa miaka 18, damu yake ikipitishwa katika mashine iliyoshika kazi ya moyo na mapafu. Tangu hapo kulitambua tundu kulikuwa na faida kwa mgonjwa mwenyewe, na madaktari wakaanza kuitafuta herufi M ya V1 hata kwa watu wazima waliofika hospitali kwa sababu nyingine.

Katikati ya miaka ya 1950 mchoro ulionyesha kwamba matundu ya vyumba vya juu si ya namna moja. Tundu lililo katikati ya ukuta, ambalo ndilo la kawaida zaidi, huenda pamoja na mhimili wa umeme, yaani mwelekeo wake wa jumla, ulioelekea kulia. Lililo chini kabisa, karibu na valvu, huambatana na mhimili ulioelekea kushoto na juu. Mwaka 1956 watafiti wa Kliniki ya Mayo na wa Colorado, kila kundi kwa upande wake, walieleza tofauti hiyo. Chanzo chake si mzigo wa damu bali ujenzi wenyewe: mahali ukuta unapokosekana chini, nyuzi zinazopeleka umeme huwa zimesukumwa nyuma na kufuata njia isiyo yao. Daktari wa upasuaji aliyeona mhimili wa kushoto aliingia chumbani akijua kwamba huenda atakuta pia valvu iliyopasuka, na kwamba operesheni ingekuwa ndefu zaidi.

Alama nyingine ilikaa muda mrefu bila kupewa uzito. Katika pande za chini za mchoro, kilele cha R cha wenye tundu mara nyingi huwa na kidato kidogo karibu na ncha. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kidato hicho kinaashiria tundu, na kikionekana pamoja na umbo la M katika V1 uwezekano wa kuwapo tundu huongezeka sana. Kwa baadhi ya wagonjwa kilitoweka baada ya tundu kuzibwa.

Kasoro nyingine zenye saini zao

Moyo uliogeuka kulia, aliouona Waller, ndio rahisi kuliko zote kusomwa: katika upande wa kwanza wa mchoro, mawimbi yote hupinduka. Hata hivyo, mhudumu akibadilisha nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto kwa bahati mbaya, hupatikana mchoro huohuo. Kinachotofautisha ni kifua. Moyo ukiwa mahali pake, kilele cha R hukua kadiri elektrodi zinavyokwenda kushoto. Ukiwa kuliani, hupungua.

Mwaka 1866 Wilhelm Ebstein wa Breslau alieleza moyo wa kibarua wa miaka 19 ambaye valvu yake ya kulia ilikuwa imeshikizwa chini mno, ndani ya chumba cha chini. Ilipita zaidi ya miaka 80 kabla ya kasoro hiyo kutambuliwa kwa mtu aliye hai. Katika mchoro, wimbi la P huwa refu sana kwa sababu chumba cha juu cha kulia kimetanuka mno, na umeme wa chumba cha chini hukawia. Baadhi ya wagonjwa huwa pia na uzi wa ziada wa misuli unaovusha umeme kutoka juu kwenda chini bila kupitia njia yake halali. Alama ya uzi huo ilielezwa mwaka 1930 na Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White, kutokana na vijana 11 waliokuwa wakishambuliwa na mapigo ya kasi ingawa mioyo yao ilionekana mizima. Wenyewe walidhani ni umeme uliozibwa katika tawi lake. Uzi wa ziada ulionekana kwa hadubini mwaka 1943.

White huyohuyo, pamoja na Edward Bland na Joseph Garland, alieleza mjini Boston mwaka 1933 kisa cha mtoto mchanga ambaye mchoro wake ulifanana na wa mzee mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Baada ya kifo, mshipa unaolisha upande wa kushoto wa moyo ulikutwa ukichipuka kutoka mshipa wa mapafu, wenye damu iliyo na oksijeni haba. Watoto wengi wenye kasoro hiyo hufariki mapema. Wachache hujenga mishipa ya kuunga mkono kutoka upande wa kulia na kufikia utu uzima, na kwao mchoro wenye dalili za kovu la moyo katika umri mdogo unaweza kuwa ishara ya kwanza.

Kasoro nyingine, iliyoelezwa na Karl von Rokitansky wa Vienna mwaka 1875, ni ile ambayo vyumba vya chini vimebadilishana nafasi na mishipa mikubwa nayo ikabadilishana, hivi kwamba damu bado inafika inakotakiwa. Mtu anaweza kuishi nayo kwa miaka mingi, ila chumba kilichoumbwa kwa ajili ya mapafu ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Ukuta wa kati huamshwa na umeme kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha kawaida, na bonde dogo la Q linalotarajiwa katika V5 na V6 hukosekana, likaonekana V1. Njia za umeme nazo ni dhaifu: kila mwaka takriban asilimia 2 ya wenye kasoro hii hupata kukatika kabisa kwa mawasiliano kati ya vyumba vya juu na vya chini. Mtu mzima anayefika hospitali na mapigo ya polepole kwa sababu hiyo huenda ndipo anapojua kwa mara ya kwanza jinsi alivyoumbwa.

Kutoka hukumu hadi uchujaji

Mwaka 1953 Inge Edler na Hellmuth Hertz walianza kutumia mawimbi ya sauti kuutazama moyo, mjini Lund, Uswidi. Kufikia miaka ya 1980 kipimo hicho, kinachojulikana hospitalini kama ECHO, kiliweza kuonyesha kuta, valvu na mkondo wa damu inayovuka tundu. Hapo mchoro wa umeme ukaacha kuwa mwamuzi na kuwa chujio: kazi yake ikawa kuonyesha ni nani kati ya watu wengi anayestahili kupelekwa ECHO.

Nchi mbili zilijenga utaratibu wa taifa juu ya wazo hilo. Japani iliweka uchunguzi wa moyo kwa wanafunzi kisheria mwaka 1973, na tangu 1995 kila mwanafunzi hupimwa ECG anapoingia ngazi za msingi, sekondari ya chini na ya juu. Italia, kwa amri ya mwaka 1982, ilidai wanamichezo wa mashindano wapimwe kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Chujio hilo lina matundu yake. Umbo la M katika V1 huonekana pia kwa watu wengi wazima wa afya, hasa vijana na wanamichezo, na elektrodi ikibandikwa juu kuliko inavyotakiwa inaweza kulizalisha kwa mtu asiye na kasoro. Kwa upande mwingine, tundu dogo linaweza kukaa bila kugusa mchoro hata kidogo. Mchoro uliosomeka vizuri haumtoi mtu shakani ikiwa sauti za moyo wake au dalili zake zinaashiria kitu kingine.

Hatua ya karibuni imetokana na akili unde. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, na wa hospitali ya Brigham and Women's, Boston, walitoa matokeo ya programu waliyoifundisha kutambua tundu kati ya vyumba vya juu kwa michoro ya watu wazima. Kila mtu kati ya zaidi ya 80,000 waliohusika alikuwa amepimwa ECG na ECHO pia, na ni wachache mno waliokuwa na tundu. Katika jaribio la uchujaji, programu iliwanasa takriban asilimia 94 ya wenye tundu, wakati alama zinazojulikana na madaktari ziliwanasa takriban asilimia 81. Mfumo ni uleule wa Wood na katheta: mchoro ulipata maana kwa sababu kipimo kingine kilikuwa kimeshaonyesha ukweli. Tofauti ni kwamba Wood aliweza kuonyesha kwa kidole alichokiona, ilhali programu huunganisha mabadiliko madogo mengi yasiyo na jina.

Faida ya kuchuja ni kubwa zaidi pale ECG inapopatikana kirahisi kuliko ECHO, hali iliyo ya kawaida katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki. Matibabu yenyewe yamekuwa mepesi tangu mwaka 1976, Terry King na Noel Mills wa New Orleans waliporipoti kuziba tundu kwa kifaa kilichopitishwa katika mshipa, bila kupasua kifua. Njia hiyo hutumika pia katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015.

Wakati una mipaka, hata hivyo. Damu ikizidi mapafuni kwa miaka mingi, mishipa ya mapafu huweza kukakamaa na shinikizo kupanda, hadi mkondo ukageuka na damu isiyo na oksijeni ikaanza kuvuka kwenda kushoto. Katika hali hiyo kuziba tundu humdhuru mgonjwa. Mchoro nao hubadilika: kilele cha R katika V1 hurefuka, na wimbi la T hupinduka katika elektrodi za mbele ya kifua, dalili kwamba chumba cha kulia sasa kinasukuma dhidi ya kizuizi, mzigo ule wa aina ya kwanza uliotofautishwa na Cabrera na Monroy. Kwa hiyo kwa mtu mzima, mchoro hujibu maswali mawili: kama kuna sababu ya kulishuku tundu, na kama mapafu yameanza kuathirika kiasi kwamba lazima shinikizo lipimwe kwa katheta kabla ya uamuzi wa kuliziba.